Shajara ya mradi: watoto wanabuni kanga zao wenyewe

Karakana hii hukutana Tanga mjini kila Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi na nusu, watoto wakishatoka madrasa na kula. Wako 24, wa miaka 7 hadi 12. Watu wazima ni watatu, mmoja kwa kila watoto wanane. Ukizidisha watoto hapo, wembe na pasi havipati msimamizi. Kazi ya kipindi hiki ni moja tu: kila mtoto abuni kanga ya karibu nusu saizi, yenye pindo (mpaka wa kuzunguka), mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), achonge mihuri yake na aichape kwa mkono wake.

Kanga tumeichagua kwa sababu mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa. Amebebwa nayo, amefunikwa nayo, amemwona mama akiikunja na shangazi akiipokea zawadi. Isitoshe, ndani ya kitambaa kimoja kuna kazi tatu zinazodai vipaji tofauti: kuchora picha, kupanga picha ijirudie ipendeze, na kutunga maneno machache yanayouma au yanayobembeleza. Karakana za watoto nyingi hupima kuchora peke yake, na mtoto asiyejua kuchora ng'ombe anarudi nyumbani akiamini hana kitu.

Septemba, mwanzoni: kuangalia kabla ya kushika kalamu

Kila mtoto alikuja na kanga moja ya nyumbani kwao, kwa ruhusa ya mwenye nayo. Tulizitandika juu ya mikeka na kuandika maswali ubaoni: Picha gani inarudi? Imerudi mara ngapi upande mrefu, na mara ngapi upande mfupi? Kwenye kona wamefanya nini? Rangi ziko ngapi? Jina limekaa wapi?

Swali la kona ndilo lililowashika. Watoto waligundua wenyewe kwamba kwenye baadhi ya kanga picha ya pindo hugeuka inapofika kona, kwenye nyingine kuna picha ya pekee iliyowekwa pale, na kwenye chache picha imekatika tu. Swali la rangi nalo liliwashangaza: walitaja nyingi, walipohesabu wakakuta tatu au nne. Kisutu, ile inayovaliwa harusini, ina nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi, na nyeupe yenyewe ni kitambaa kilichoachwa bila rangi. Hapo tukaweka sharti la mradi mzima: rangi mbili kwa kila mtoto, pamoja na rangi ya kitambaa.

Bibi mmoja wa mtaani alikaa nao nusu saa akiwaeleza nani humpa nani kanga, na kwa nini huwezi kumpelekea jirani kanga bila kusoma jina lake kwanza. Aliwaonyesha kanga yenye alama ya "Mali ya Abdulla", ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa lililoanza 1887. Mombasa wanaiita leso, na watoto wawili wenye jamaa kule walikuwa wanalijua hilo tayari.

Halafu kanga zote zikakunjwa na kuwekwa kabatini, hazikuwa mezani wakati wa kuchora. Ukiziacha wazi, meza nzima itachora korosho, picha inayorudi kwenye kanga nyingi. Korosho ni picha nzuri, lakini mtoto akiiona mbele yake mkono unafuata jicho, wala hajiulizi yeye angeweka nini.

Septemba, katikati: mawazo manane

Karatasi ya A4 ikunjwe mara tatu, itoe vyumba vinane. Kila chumba wazo moja, dakika mbili kwa kila wazo, kwa kalamu ya wino. Vifutio tuliviondoa chumbani. Mtoto mwenye kifutio hutumia robo tatu ya muda kufuta, na karatasi inatoboka kabla picha haijafika popote. Kwa wino anajifunza kitu kingine: mstari uliokwenda kombo unageuzwa kuwa jani, au wazo linaachwa na kuhamia chumba cha pili.

Nambari nane haikuwekwa ovyo. Wazo la kwanza na la pili kwa karibu kila mtoto ni ua, moyo, nyota au mnazi. Hayo si mabaya, ni yale yaliyo juu juu kichwani na kila mtu anayo. Kuanzia la tano mtoto anakwama, anaangalia dari, anamchungulia jirani, na hapo mtu mzima asiingilie. Asitoe pendekezo, asiseme "chora samaki". Akae kimya dakika nzima ikibidi. Vyumba vya sita, saba na nane ndivyo vilivyotoa mbuzi ya kukunia nazi, ufunguo, nyayo za kuku kwenye matope, feni ya dari, kaa, na tairi la bodaboda limeonekana kwa ubavu.

Kinachoharibu zoezi hili ni kuligeuza mtihani. Tukitembea kati ya meza tukisema "hili zuri, hili rudia", mawazo yanakauka papo hapo, kwa kuwa mtoto anaanza kubuni kitu cha kumridhisha mwalimu. Kuchagua kunakuja baadaye, na anayechagua ni mtoto. Anaweka punje mbili za maharage juu ya vyumba viwili anavyovitaka. Tunamuuliza swali moja: "Kipi ungependa kukiona kimejirudia mara nyingi?" Wengi hapo hubadili uamuzi, kwa sababu picha inayopendeza ikiwa moja si lazima ipendeze ikiwa ishirini.

Septemba, mwishoni: "Mwalimu, mimi sijui kuchora"

Sentensi hiyo haikutoka kwa wadogo. Ilitoka kwa wa miaka 10 na 11. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyetoka Austria na kufundisha Marekani, alieleza mapema sana kwamba michoro ya watoto hupita hatua. Mtoto wa miaka 7 hadi 9 ana alama zake: mtu ni hivi, nyumba ni hivi, ardhi ni mstari wa chini, naye ameridhika. Kuanzia miaka 9 anataka picha ifanane na kitu chenyewe, anaiona haifanani, na wengi ndipo wanapoacha kuchora maisha yao yote. Kwa hiyo huyo mtoto hajapungukiwa kitu. Jicho lake limetangulia, mkono bado uko nyuma.

Kumwambia "unajua sana, usijali" hakusaidii, maana anaona wazi kwamba haifanani. Anachohitaji ni kufundishwa kutazama. Tulinunua changu wawili sokoni asubuhi, tukawaweka kwenye sinia lenye barafu, na kuwagawia watoto wakubwa zoezi la dakika tano: macho kwa samaki, kalamu kwenye karatasi, usitazame karatasi hata kidogo, mkono uende polepole kama mdudu anayetambaa ukingoni mwa samaki. Mchoro unatoka umepinda, kila mtu anacheka wa kwake, na woga unaondoka kwa kuwa hakuna anayetarajia ufanane. Mara ya pili mtoto anaruhusiwa kutazama karatasi. Tofauti huonekana palepale: pezi la mgongoni linapata miiba, jicho linakaa mahali lilipo kweli, na mstari wa tumbo hauwi tena nusu duara la kukariri.

Barafu ni lazima. Bila barafu, kwa joto la Tanga, baada ya dakika arobaini hakuna atakayekaa karibu na meza hiyo.

Oktoba, mwanzoni: kitambaa

Tumetumia marekani isiyopaushwa, aina ya kitambaa cha pamba. Inatoka dukani na wanga wa kiwandani, na wanga huo ndio chanzo cha malalamiko mengi ya "rangi ilibanduka". Rangi inashika wanga, haishiki uzi. Kitambaa kikifuliwa wanga unatoka na rangi yake. Loweka dakika 30 kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, fua, suuza mara mbili, anika. Kisha pima kwa tone la maji: likizama mara moja, kitambaa kiko tayari, likikaa juu kama shanga, rudia. Pamba hii hujikunja ikifuliwa, kwa hiyo usikate vipande kabla ya kufua.

Kipande cha kila mtoto kimekatwa sentimita 76 kwa 60. Ukitoa sentimita 2 kila upande za upindo wa cherehani, inabaki 72 kwa 56, na vipimo hivyo vina sababu. Pindo lina upana wa sentimita 8. Upande mrefu unatoa miraba 9, upande mfupi miraba 7, na kuzunguka kote ni miraba 28. Kwa kuwa 9 na 7 zote ni witiri, mtoto mwenye mihuri miwili anayeipokezanisha atakuta kona zote nne zimepata muhuri uleule. Upande mmoja ukiwa na miraba 8, kona mbili zinapishana na mtoto anaona kuna kitu hakikai sawa asijue ni nini. Watoto wa darasa la tano walipata jibu hilo kwa kuchora miraba kwenye daftari na kuandika A, B, A, B. Hatukuwaambia. Tuliwauliza tu upande wa miraba 8 utaishia na herufi gani.

Mistari ya miraba ilichorwa kwa chaki ya fundi cherehani. Kalamu ya risasi inabaki.

Oktoba, katikati: mihuri

Tulianza na viazi mbatata kwa kujaribu muundo tu. Kiazi kinakatwa vizuri na kijiko chenye ncha, hata mtoto wa miaka 7 anaweza, lakini kinatoa maji kila baada ya michapo michache, rangi inakuwa nyepesi, na kesho yake kimenyauka. Kifute kwa kitambaa kabla ya kila kukitia rangi. Kwa kazi yenyewe, mihuri imetokana na ndala chakavu.

Ndala ioshwe kwa brashi na sabuni, ikauke kabisa, halafu uso wake usuguliwe kwa msasa mpaka mng'ao uishe. Uso unaong'aa unasukuma rangi ikajikusanya matone, na chapa inatoka na mabaka. Mtoto anachora picha yake ndani ya mraba wa sentimita 7, nusu sentimita ikibaki kila upande wa mraba wa kitambaa. Anapaka chaki mgongo wa karatasi na kuihamishia kwenye ndala. Watoto wanakata kwa mkasi mdogo. Matundu ya ndani hukatwa na mtu mzima kwa wembe, mtoto akiwa amekaa kando yake akielekeza wapi. Wembe haushikwi na mtoto, na hatujapata sababu ya kulegeza hilo.

Kipande kilichokatwa kinabandikwa kwenye kibao cha sentimita 7 kwa 7, unene wa sentimita 2, ambacho fundi seremala hutoa kwenye mabaki yake. Gundi nyeupe ya mbao haifai hapa. Ikikauka inaonekana imara, lakini muhuri unaoshwa kwa maji kila mara na gundi hiyo inalainika, picha inahama katikati ya pindo. Gundi ya mafundi viatu inastahimili. Harufu yake ni kali, kwa hiyo hupakwa na mtu mzima nje ya ukumbi, pande zote mbili, inaachwa dakika kumi hadi isinate kidoleni, ndipo vipande vinakutanishwa. Nyuma ya kibao chora mshale unaoonyesha juu ni wapi. Bila mshale, mtoto akishaugeuza muhuri kuutia rangi hajui tena upande.

Binti wa miaka 9 alichagua kaa. Alikuwa amemhesabu vizuri: magando mawili na miguu minane. Alipomkata, miguu ilikuwa milimita mbili tu, ikakatika yote upande wa kushoto. Ndala inahitaji angalau milimita 5 ili isipinde chini ya mkono, na miguu minane ya milimita 5 haitoshi kwenye sentimita 7. Mwalimu aliyekuwa naye hakumpa suluhisho. Alimwambia tatizo kwa vipimo: "Mguu mwembamba kuliko hapa utakatika, na nafasi uliyonayo ni hii." Mtoto alikaa nalo, akamkata kaa mwili na magando tu, kisha miguu akaifanya vitone vinane kwa ncha ya kalamu iliyofungwa kitambaa, anavichapa kwa mkono baada ya muhuri. Kila kaa wake ana vitone vilivyotawanyika kidogo tofauti, na pindo lake linaonekana kama kaa wanakimbia. Kwa macho yetu ndilo pindo lenye uhai kuliko yote, nalo limetoka kwenye udhaifu wa ndala.

Mtoto mwingine, wa miaka 8, alikataa kuchora picha yoyote. Alikata pembetatu moja. Alipopewa karatasi ya kujaribia alianza kuigeuza robo kwa kila chapa, akapata feni. Akaigeuza kwa kukutanisha migongo, akapata mashua. Akaacha mraba mmoja wazi, akapata mwendo kama wa ngoma. Alijaza karatasi nne. Huyo ni mbunifu wa mpangilio. Angepimwa kwa kuchora ng'ombe angeandikwa sifuri.

Oktoba, mwishoni: suala la zawadi na la sifa

Wazazi walikuja na pendekezo zuri la moyo: mtoto bora apewe begi la shule. Tumelijadili nao na kuliacha, na sababu zake ziandikwe hapa kwa urefu kwa kuwa kila kikundi kitakutana nalo.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lililofanyika kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwachukua watoto waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe kama watachora. La pili lilipewa cheti hicho bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja hadi mbili kalamu ziliwekwa darasani kama kawaida, na watafiti wakatazama nani anazifuata. Waliokuwa wameahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa bila kutegemea hawakupungua. Kwa hiyo kinachodhuru ni ile ahadi: mtoto anajifunza kwamba kuchora ni kazi ya kulipwa, malipo yakiisha na kazi inaisha. Watoto wetu wanakuja Jumamosi kwa miguu yao. Hatuna sababu ya kuwapa sababu nyingine.

Mashindano yana tatizo la pili. Siku ya pili baada ya kutangazwa mshindi, watoto 23 watachora kama yeye.

Begi limegeuka kuwa ndala chakavu, makopo na vibao kutoka majumbani, na wazazi wamejitolea kweli kweli.

Sifa nayo ina namna yake. "Nzuri sana" ikisemwa kwa watoto 24 haina uzito, na yule ambaye hakuambiwa anahesabu. Tunakubaliana kutaja tunachokiona: "Umeacha nafasi kubwa katikati." "Mkia wa samaki wako unagusa wa jirani yake kila mara." "Leo umekata matundu madogo kuliko juzi." Baada ya hapo swali: "Uliamuaje?" Mtoto akiulizwa aliamuaje, anagundua kwamba kweli aliamua. Mtu mzima haongezi mstari hata mmoja kwenye kazi ya mtoto. Akitaka kuonyesha namna ya kushika mkasi au kukunja kona, anaonyesha kwenye kipande chake na kukiondoa mezani. Hilo limewawia vigumu zaidi mama zetu wanaokuja kusaidia, maana mkono unawasha ukiona mstari umepinda. Kazi za mtu mzima ni kuchanganya rangi, kukata matundu, kupiga pasi, na kuangalia saa.

Novemba, mwanzoni: rangi na kuchapa

Mchanganyiko ni gramu 100 za gundi maalumu ya kuchapia vitambaa na gramu 5 za rangi ya kukolezea. Nyeusi tumeipandisha hadi gramu 7. Kishawishi ni kuongeza ili ikolee, lakini rangi ikizidi gundi haitoshi kuishika, na baada ya kufua inaachia kwenye vidole. Rangi ya maji ya ukutani tuliijaribu kwenye vipande vya majaribio: inachapa vizuri, kisha kitambaa kinakuwa kigumu kama kadi na inapasuka pale kinapokunjwa. Kitambaa kimoja kinakula takriban gramu 60, yaani kilo moja na nusu kwa watoto wote.

Meza itandikwe blanketi lililokunjwa mara mbili, juu yake plastiki, ndipo kitambaa. Kwenye mbao tupu muhuri unachapa kingo tu. Kipande cha sponji ya godoro, unene wa sentimita 1, kikae kwenye sahani ya plastiki, vijiko viwili vya rangi visambazwe kwa mgongo wa kijiko. Muhuri ugongwe juu ya sponji mara mbili tatu kwa wepesi, usizamishwe. Ukizamishwa, rangi inajaa matundu na picha inakuwa doa. Weka muhuri, bonyeza kwa kiganja, hesabu hadi tatu, uinue wima. Anayeuinua kwa kuuburuta anapata kivuli.

Anza na kona nne, halafu endelea kutoka kwenye kona kuelekea katikati. Muhuri ukienda nje ya mraba kidogo, makosa yanaishia katikati ya upande ambako jicho halitazami sana, na kona zinabaki safi. Kwa joto, rangi inakauka kwenye muhuri baada ya dakika kumi hivi na kuziba mistari myembamba. Mswaki wa zamani na ndoo ya maji vikae kila meza.

Vuli ilikuja wiki hiyohiyo. Vitambaa vilivyoanikwa barazani vilipata matone, na rangi ambayo haijakauka ikatoa madoa ya duara. Tulifunga kamba ndani ya ukumbi, umbali wa sentimita 40 kati ya kamba na kamba ili vitambaa visigusane, na kwenye unyevu huu vimehitaji siku mbili badala ya moja. Wenye madoa hawakupewa vitambaa vipya mara moja. Waliulizwa kwanza doa linafanana na nini. Wawili walilizungushia vitone likawa jua. Mmoja alitaka kuanza upya, akaanza upya.

Novemba, katikati: jina

Mji umebaki sentimita 56 kwa 40. Ndani yake, upande wa chini, kuna kisanduku cha jina, urefu sentimita 54 na kimo sentimita 4. Kila herufi inachukua sentimita 3 pamoja na nafasi yake, kwa hiyo jina lina nafasi 18, ukihesabu na mapengo kati ya maneno. Mtoto anapewa ukanda wa karatasi wenye vyumba 18 na swali: "Unataka kumwambia nani, nini?" Tukiuliza "andika methali" wanaandika za shuleni. Wakiulizwa nani, wanaanza kucheka peke yao.

Nafasi 18 zinabana, na kubanwa huko kunafundisha kutunga kuliko maelezo yetu yoyote. Wa kwanza aliandika "Bibi naomba uniachie ukoko wa wali". Alikata, akakata tena, akafika: BIBI NIACHIE UKOKO. Zimo nafasi 18 kamili, na "naomba" haikuhitajika kwa kuwa imo ndani ya "niachie". Mwingine: MVUA SUBIRI NIFIKE. Aliyekuwa na USINICHEKE NAJIFUNZA alizidi kwa mbili. Akageuza mpangilio na kupunguza kiambishi, ikawa NAJIFUNZA USICHEKE, nayo inakwenda vizuri zaidi mdomoni. Kila jina lisomwe kwa sauti mbele ya wenzake kabla ya kuchapwa. Sikio linashika neno la ziada ambalo jicho limelipita.

Herufi kwa muhuri zinaleta shida ya kugeuka: lazima zichongwe kinyume, na watoto wa miaka 7 na 8 wanachanganyikiwa. Tumetumia stensili, yaani herufi zilizotobolewa ili rangi ipite, iliyokatwa kwenye majalada ya plastiki. Herufi 24 zinatosha, Q na X hatuzihitaji. A, I na E zikatwe tatu tatu, maana ndizo zinazogombaniwa. A, B, D, O, P na R zina kisiwa cha ndani kinachodondoka, hivyo acha daraja la milimita 3 linalokishikilia. Sponji iwe karibu kavu, igongwe wima. Ikiwa mbichi, rangi inatambaa chini ya plastiki na O inakuwa doa.

Novemba, mwishoni: pasi na maonyesho

Baada ya siku mbili za kukauka, kila kitambaa kinapigwa pasi kwa joto la pamba, upande wa nyuma, kukiwa na kitambaa kingine juu, pasi ikirudia kila eneo dakika tatu hadi tano bila mvuke. Joto ndilo linaloifunga gundi kwenye uzi. Kitambaa kisichopigwa pasi ipasavyo kinaonekana sawasawa na kingine mpaka siku ya kufuliwa. Kufua kwa kwanza kuwe baada ya siku tatu, maji ya baridi.

Vitambaa vyote 24 vimetundikwa, bila nambari za ushindi, kila kimoja na karatasi yake ya mawazo manane pembeni. Karatasi hizo zimewashika wazazi kuliko vitambaa. Wameona moyo na ua kwenye chumba cha kwanza, na mbuzi ya nazi kwenye chumba cha saba, na baba mmoja amemuuliza mwanawe kwa nini hakuchagua ua. Walizungumza kwa muda mrefu.

Viwili vimeachia rangi nyekundu kwenye kufua kwa majaribio. Vyote viwili vilipigwa pasi jioni umeme ukiwa mdogo. Vitarudiwa.

Januari: kinachofuata

Saizi kamili, sentimita 150 kwa 110, miraba ya sentimita 10. Inatoa miraba 15 kwa 11, witiri kwa witiri, 48 kuzunguka kote, na mji wa 130 kwa 90. Watoto watafanya kazi wawili wawili na kutoa doti, vipande viwili vinavyofanana. Marekani inunuliwe mita 3.4 kwa kila doti kabla ya kufua, yenye upana unaozidi sentimita 120. Vibao vipya vya sentimita 10 vimeagizwa kwa seremala. Ndala za watu wazima, namba 9 na kuendelea, bado zinahitajika, kwa kuwa ndala ya mtoto haina upana wa kutoa mraba wa sentimita 9.